Kujilinda, Kumiliki Silaha na Kumwadhibu Mhalifu: Mafundisho kwa Waamini wa Karagwe na Kyerwa

Kila msimu wa kahawa unapofika na wakulima wa Karagwe na Kyerwa wakaanza kupokea malipo yao, hofu huingia nyumbani pamoja na fedha. Aliyeuza gunia zake hulala akisikiliza mbwa. Mwenye duka la kijijini, wakala wa fedha za simu, mfugaji aliyetoka mnadani, kijana wa bodaboda anayebeba abiria asiyemfahamu usiku, wote wanaijua hofu hiyo. Nayo huzaa maswali ambayo sisi mapadre huulizwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo, katika mafundisho ya ndoa na hata njiani baada ya Misa. Je, Mkristo aruhusiwa kuwa na bunduki? Mwizi akivunja mlango usiku nami nikamwua, nimevunja amri ya tano? Kijiji kikimkamata jambazi, kuna ubaya gani kikimmaliza palepale, maana kesho ataachiwa? Na Serikali ikimhukumu muuaji kunyongwa, Kanisa lasemaje?

Katika makala hii tumekusanya majibu ya maswali hayo mahali pamoja: yale yanayofundishwa na Mama Kanisa, yale yanayosemwa na sheria ya nchi, na yale yaliyotupata katika historia ya eneo letu. Fundisho lenyewe kwa ufupi ni hili: uhai wako na wa jirani yako waweza kulindwa, hata kwa nguvu, wakati wote hatari inapodumu, hatari ikiisha, mkono hauna budi kushuka, na kazi ya kuhukumu ni ya mahakama. Dhambi nyingi za damu katika vijiji vyetu hutokana na kuchanganya mambo hayo mawili, kulinda na kuadhibu.

Silaha zilivyoingia katika nchi yetu

Bunduki si kitu kigeni kwetu. Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, na biashara ya pembe za ndovu ilikuja pamoja na bunduki na baruti. Silaha za kivita, hata hivyo, zilienea katika mkoa wetu nyakati zilizo karibu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera, na vita vilivyofuata viliendelea hadi mwaka 1979. Kama ilivyo baada ya kila vita, silaha hazikurudi zote ghalani.

Kisha ukaja mwaka 1994. Wazee wetu hawajasahau maiti zilizochukuliwa na Mto Kagera kutoka Rwanda hadi Ziwa Viktoria. Mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kuingia Ngara na Karagwe, wakakaa katika kambi hadi Desemba 1996, wengi walipolazimika kurudi kwao. Walio wengi walikuwa watu wanyonge waliokimbia kuokoa roho zao, nasi tungewatendea dhuluma tukiwaita wahalifu. Lakini katika msongamano ule zilipita pia silaha, na katika miaka iliyofuata mkoa wetu ulijulikana kwa utekaji wa magari barabarani, hata mabasi yakawa yakisindikizwa na askari katika mapori ya Biharamulo na njia za kuelekea Karagwe na Ngara. Mwezi Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete alipoutembelea mkoa wetu, aliwapa wahalifu na wahamiaji wasio na vibali muda wa majuma mawili kusalimisha silaha au kuondoka. Ndipo ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Tunayakumbuka hayo kwa sababu fikra za watu kuhusu silaha hutoka katika mambo waliyoyaona. Aliyewahi kulala porini akiwa na watoto, huku majambazi wakipekua nyumba yake, hawezi kuambiwa tu kwamba bunduki ni mbaya, kisha mazungumzo yakaisha. Anastahili jibu kamili. Vilevile aliyeyaona ya mwaka 1994 anafahamu kwamba wengi waliuawa kwa mapanga na marungu, vyombo vilivyomo katika kila nyumba. Chuki ikishatawala moyo haikosi kifaa.

Sheria ya nchi kuhusu kumiliki silaha

Marekani, marekebisho ya pili ya Katiba yao, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yanaitaja haki ya wananchi kuwa na silaha. Tanzania haina haki ya namna hiyo. Kwetu sisi kumiliki bunduki ni kibali, na kibali huombwa, huchunguzwa na chaweza kuondolewa. Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa wake wanaomfahamu, kisha maombi hupanda hadi polisi na vyombo vya ulinzi na usalama vya wilaya. Anayepewa kibali hutakiwa kuitunza silaha mahali salama na kutomwachia mtu mwingine.

Kuwa na bunduki bila kibali ni kosa zito, linaloangukia katika makosa ya uhujumu uchumi. Hapa tuseme wazi kuhusu magobore. Kwa baadhi ya familia zilizo pembezoni mwa hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa kuwa Hifadhi za Taifa mwaka 2019, gobore lilihesabiwa tangu zamani kuwa chombo cha kuwinda tu. Sheria hailihesabu hivyo. Gobore ni silaha, na asiye na kibali chake yu katika hatari ileile ya aliyeficha bunduki ya kivita.

Mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogondogo, na Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Serikali yetu nayo imetangaza vipindi vya namna hiyo. Ni mwaliko ambao muumini mwenye silaha iliyofichwa hapaswi kuuacha upite.

Kanisa halikatazi moja kwa moja kumiliki silaha kwa kibali. Linamtaka mtu ajiulize kwa uaminifu kama ana haja ya kweli, kama ana utulivu wa hasira na kiasi cha pombe, na kama watoto wa nyumba hiyo wako salama nayo. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya majambazi hulala nyumba moja na ugomvi wa mke na mume, wa ndugu wanaogombea kibanja, na wa kijana aliyekata tamaa. Baba wa familia ayapime hayo kabla hajaomba kibali.

Usiku na mchana: fundisho la Kanisa kuhusu kujilinda

Katika Kitabu cha Kutoka (22:2-3) mna sheria ya zamani inayotufaa sana. Mwizi akikutwa anavunja nyumba usiku, akapigwa akafa, mwenye nyumba hahesabiwi hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, aliyemwua ana hatia. Mwizi ni yuleyule na mali ni ileile. Tofauti ni kwamba usiku mwenye nyumba hajui aliyeingia amefuata mbuzi au roho yake, hana wa kumsaidia, wala hana nafasi ya kuchagua. Mchana mwizi anaonekana, anafahamika, majirani wapo, waamuzi wapo. Mungu aliyewapa Waisraeli sheria hiyo aliulinda uhai wa mwenye nyumba, kisha akaulinda na uhai wa mwizi.

Juu ya msingi huo Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba tendo la kujilinda laweza kuwa na matokeo mawili: kuokoa uhai wako, na kifo cha anayekushambulia. La kwanza ndilo linalokusudiwa; la pili halikusudiwi. Kwa hiyo anayetumia nguvu inayolingana na hatari hatendi dhambi, bali anayetumia nguvu kupita kiasi, tendo lake haliwi halali tena. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imelichukua fundisho hilo (na. 2263-2267), na inaongeza kwamba kwa mwenye dhamana ya uhai wa wengine, kama baba na mama kwa watoto wao au askari kwa raia, kulinda si haki tu bali ni wajibu mzito.

Basi kwa aliyeuliza juu ya amri ya tano, jibu ni hili. Ikiwa mtu amevunja mlango wako usiku akiwa na panga, ukapambana naye ili familia yako isife, naye akafa katika mapambano hayo, hukuvunja amri ya Mungu. Ikiwa amekimbia, nawe ukamfuata mgombani ukamkata mgongoni, jambo limegeuka. Ikiwa amekwisha kufungwa kamba na amelala chini ya mti, yeyote anayempiga hadi kufa ni muuaji, hata kama mkononi mwa mwizi huyo mlikutwa redio yake.

Sheria ya nchi yasema karibu lilelile. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali yake, kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Anayezidisha nguvu anawajibika kwa lolote linalotokea. Na nguvu hiyo iliyozidi ikisababisha kifo, kosa ni la kuua bila kukusudia. Lakini aliyemwua mtu aliyekwisha kudhibitiwa hawezi kusema alikuwa anajilinda, na anaweza kushtakiwa kwa mauaji ya kukusudia. Tena watu wanaoungana kwa nia moja kutenda kosa huhesabiwa kila mmoja kuwa amelitenda.

Wananchi wenye hasira

Tunafahamu jinsi jambo linavyoanza. Yowe linapigwa, ile enduru ambayo tangu enzi za mababu imemtaka kila mwenye nguvu atoke. Desturi hiyo ni njema. Ni upendo wa jirani katika saa ya shida, nasi tunaomba isife. Lakini enduru ilikuwa ya kuokoa. Siku hizi wako wanaoitikia wakiwa na mawe, petroli na tairi, wasiojua aliyeibiwa ni nani wala aliyekamatwa ni nani. Katika hali hiyo wamewahi kufa watu wasio na kosa katika nchi yetu: mgeni aliyepotea njia, mgonjwa wa akili, mtu aliyeitwa mwizi na mdeni wake. Maiti haiwezi kujitetea ili ijulikane kama ilisingiziwa.

Umati humpa kila mmoja mahali pa kujificha. Aliyerusha jiwe moja hujisemea kwamba jiwe lake si lililoua. Mbele ya Mungu hatutasimama kama umati. Kila mmoja ataitwa kwa jina la ubatizo wake. Bwana wetu alipoletewa yule mwanamke aliyefumaniwa (Yn 8:1-11), aliwafanya watu wale waache kuwa kundi na kila mmoja aitazame dhamiri yake, nao wakaondoka mmoja mmoja.

Twajua pia kwa nini watu hufika hapo. Wanasema mwizi akipelekwa kituoni, baada ya siku tatu anaonekana sokoni akiwacheka. Malalamiko hayo tusiyapuuze. Rushwa ipo, upelelezi hucheleweshwa, na askari ni wachache kwa vijiji vilivyotawanyika kutoka Nyaishozi hadi Murongo. Lakini haki idai ukweli wote. Mtuhumiwa anayeonekana sokoni mara nyingi yuko nje kwa dhamana, na kesi yake ingali hai. Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Tena kesi nyingi hufa kwa sababu shahidi aliyeona kila kitu hakufika mahakamani. Alichelea nauli, alimwogopa ndugu wa mshtakiwa, au alipokea chochote akanyamaza. Umma haupaswi kuilaumu mahakama kwa ushahidi ambao umma wenyewe umeuficha. Kutoa ushahidi wa kweli ni wajibu wa amri ya nane, na kijiji kinachochangia nauli ya mashahidi kinajilinda vizuri kuliko kijiji kinachochangia petroli.

Sungusungu walioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipewa nafasi katika sheria mwaka 1989, na leo tunao ulinzi shirikishi katika vitongoji. Ni kazi ya heshima. Mamlaka yao ni kukamata na kukabidhi, si kuchapa wala kutoza faini za kujitungia. Paroko na viongozi wa Jumuiya wawatie moyo vijana hao, tena wawakumbushe mipaka yao.

Adhabu na mwisho wake

Baadhi ya waamini hudhani kwamba Kanisa likiukataa ukatili, linamtetea mhalifu. Sivyo. Katekisimu (na. 2266) inakiri kwamba Serikali ina haki na wajibu wa kutoa adhabu inayolingana na uzito wa kosa, ili kurekebisha uharibifu uliotendeka, kulinda usalama wa watu na, kadiri inavyowezekana, kumwongoa mkosaji. Katika nchi yetu unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Hakuna awezaye kusema kwamba sheria hiyo inawabembeleza majambazi.

Kuhusu adhabu ya kifo, sheria yetu bado inaitaja kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ingawa tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa. Mwaka huohuo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu hiyo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi wake. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kupima mazingira ya kosa kunakiuka haki ya kuishi. Ng'ambo ya mto, Rwanda, nchi ambayo kama ingetaka kulipiza kisasi ingekuwa na sababu kupita nyingine zote, iliifuta adhabu ya kifo mwaka 2007. Burundi ikafuata mwaka 2009.

Kanisa nalo limelifafanua fundisho lake hatua kwa hatua. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake kuhusu Injili ya Uhai wa mwaka 1995, alisema kwamba mazingira yanayoweza kuilazimisha jamii kumwua mkosaji ni nadra mno, kama yapo. Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko alirekebisha namba 2267 ya Katekisimu, na sasa Kanisa linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia hadhi ya mtu ambayo haipotei hata baada ya kosa kubwa, na kwa kuwa magereza ya leo yaweza kuilinda jamii bila kumnyima mkosaji nafasi ya kutubu. Mungu mwenyewe alimtia Kaini alama ili asiuawe na yeyote (Mwa 4:15), ingawa hakumwacha bila adhabu.

Wako wanaosema kwamba muuaji hageuki. Alessandro Serenelli alimwua Mtakatifu Maria Goretti mwaka 1902, msichana wa miaka 11. Alihukumiwa miaka 30, sawa na anavyohukumiwa jambazi wa kwetu, akakaa gerezani miaka 27. Alipotoka alimwomba msamaha mama wa marehemu, naye akampa. Kisha akaishi kwa kazi na sala katika nyumba ya Wakapuchini hadi alipofariki mwaka 1970. Kama angeuawa siku ile na majirani wenye hasira, toba yake isingekuwapo.

Majibu mafupi kwa maswali yanayoulizwa mara nyingi

Baba alifariki akaacha bunduki ndani. Nifanye nini? Toa taarifa kituo cha polisi bila kukawia, ukiongozana na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Kibali cha baba hakirithiwi kama shamba la mibuni. Usiifukie, usiiuze.

Nilikuwapo mtu alipouawa na umati, sikumgusa. Nina dhambi? Ipime nafsi yako mbele ya Mungu. Kama ulishangilia, uliongeza maneno ya uchochezi au uliziba njia, ulishiriki. Kama ungeweza kuokoa bila kujihatarisha nawe hukufanya hivyo, lipo la kuungama. Nenda kwenye Sakramenti ya Kitubio. Siri yake haivunjwi kamwe. Toba ya kweli hudai pia malipizi: familia ya marehemu ipo, na watoto wake wanasoma na wako.

Nikimsamehe mwizi, ni lazima niache kesi? Hapana. Yohane Paulo II alimsamehe Mehmet Ali Ağca aliyempiga risasi tarehe 13 Mei 1981, hata akamtembelea gerezani mwaka 1983. Ağca aliendelea na kifungo chake huko Italia hadi mwaka 2000. Msamaha huondoa chuki moyoni mwako; mahakama hulinda wengine.

Aliyeuawa akituhumiwa wizi, azikwe kwa ibada ya Kanisa? Tuhuma si hukumu. Mbatizwa haachwi bila maziko ya Kikristo kwa sababu tu umati umemwita mwizi. Palipo na shaka, paroko hushauriana na Askofu. Jumuiya ifike msibani, imkalishe mjane kama inavyowakalisha wengine, wala asiwepo wa kumnyooshea mtoto kidole.

Tukimkamata mwizi tumfanyeje? Mfungeni asitoroke, msimpige. Mwiteni kiongozi wa kitongoji na polisi. Andikeni majina ya walioona, hifadhini vielelezo, chukueni namba ya taarifa kituoni, yaani RB. Majeruhi, awe ni mwizi au ni mwenye mali, apewe fomu ya PF3 na apelekwe hospitali. Kisha siku ya kesi ikifika, nendeni mkatoe ushahidi.